Mandhari ya Kinngait ukutani: wino wa Shuvinai, penseli ya Itee, au chapa?

Weka karatasi mbili mezani. Ya kwanza ni ya Shuvinai Ashoona, ya mwishoni mwa miaka ya 1990: wino mweusi mtupu, mawe juu ya mawe, kila jiwe limezungushiwa mstari wake, nawe unayatazama kutoka juu kama kunguru anayepita. Ya pili ni ya Itee Pootoogook: penseli za rangi, ukanda wa theluji, ukanda wa bahari, ukanda wa mbingu, nawe umesimama ardhini, macho yako sawa na upeo. Zimetoka mji mmoja wa Aktiki, Kinngait, na studio moja. Ukutani, hata hivyo, hazifanyi kazi moja, wala haziharibiki kwa njia moja.

Anayenunua mchoro wa mandhari wa Wainuiti, wenyeji wa Aktiki, kwa mara ya kwanza mara nyingi huanza na jina la msanii na bei. Ni afadhali aanze na maswali mawili: mtazamaji amesimamishwa wapi, na ardhi imechorwa kwa kitu gani? Majibu yake ndiyo yanayoamua karatasi itatundikwa wapi, itadumu vipi, na kama itaendelea kukuita baada ya mwaka wa tano.

Mji na ushirika wake

Kinngait ipo kwenye kisiwa kidogo kando ya rasi ya Foxe, kusini-magharibi mwa Kisiwa cha Baffin, katika jimbo la Nunavut, kaskazini mwa Kanada. Kwenye lebo za zamani utaikuta kwa jina la Cape Dorset. Jina la Kiinuktituti lilirudishwa rasmi mwaka 2020, kwa hiyo usidhani ni miji miwili. Maana yake ni milima. Miti haioti huko. Ardhi ni mwamba, changarawe, mimea inayotambaa, theluji kwa sehemu kubwa ya mwaka, na bahari inayoganda na kuyeyuka. Mchoraji wa hapo hana mti wa kumpimia umbali wala kivuli cha msitu cha kujificha nyuma yake. Ana jiwe na ana upeo, na wachoraji hawa wawili wamegawana vitu hivyo: Shuvinai akashika jiwe, Itee akashika upeo.

Studio ni mali ya ushirika wa West Baffin, ulioanzishwa mwaka 1959. Anayejua vyama vya ushirika vya kahawa au pamba ataelewa mpango huu upesi: msanii analeta mchoro, ushirika unaununua, kisha unauza nje kupitia ofisi yake ya Toronto inayoitwa Dorset Fine Arts. Tofauti ni kwamba hapa msanii hasubiri malipo ya pili baada ya msimu. Mchoro ukishanunuliwa, ameshalipwa. Kwa mnunuzi mpango huu una faida kubwa, kwa sababu kazi nyingi za Kinngait zimepita mlango mmoja na njia yake inaweza kufuatiliwa.

Jambo jingine la historia linagusa bei moja kwa moja. Kwa miongo kadhaa mchoro ulihesabiwa kuwa malighafi ya chapa, yaani picha inayochapwa kwa mkono kwa nakala chache. Wasanii walichora kwa wingi, mafundi wa studio wakachagua michache ya kuchapwa, na iliyobaki ikawekwa stoo. Makumi ya maelfu ya michoro hiyo yanahifadhiwa katika jumba la sanaa la McMichael, Kleinburg, Ontario. Mchoro ulianza kusimama kwa miguu yake wenyewe sokoni katika miaka ya 1990 na 2000, na Annie Pootoogook, mchoraji wa Kinngait, aliposhinda tuzo ya Sobey ya sanaa ya Kanada mwaka 2006 kwa michoro ya penseli ya maisha ya ndani ya nyumba, hesabu ikabadilika. Kwa hiyo chapa ina historia ndefu ya bei, ilhali soko la mchoro wa kisasa ni changa na bei hupanda kwa kurukaruka. Anayetaka uhakika wa bei ana chapa. Anayetaka kitu ambacho hakina pacha duniani ana mchoro.

Wino: ardhi inayohesabiwa jiwe kwa jiwe

Shuvinai alizaliwa mwaka 1961. Ni mjukuu wa Pitseolak Ashoona, mmoja wa wachoraji wakubwa wa kizazi cha kwanza. Kazi yake iliingia kwenye mkusanyiko wa chapa wa mwaka 1997. Michoro yake ya mandhari ya awali ni ya kalamu ya wino yenye ncha nyembamba sana, mara nyingi bila rangi yoyote. Ardhi anaiona kutoka juu, wakati mwingine kwa mshazari, kiasi kwamba upeo wa macho haupo kabisa. Mawe yanajaza karatasi hadi ukingoni. Katikati yake hutokea hema, ngazi, shimo au njia, na jicho hulazimika kutafuta pa kupita.

Mchoro wa namna hii unataka ukaribu. Ukiwa mita tatu kutoka ukutani unaona rangi ya kijivu iliyovunjikavunjika. Ukisogea hadi sentimita 40 unaanza kuona kazi: mstari mmoja unaozunguka jiwe, vidoti vinavyolipa uzito, nafasi nyeupe iliyoachwa ili jiwe la pili litengane na la kwanza. Hauna kitovu, na kwa hiyo hauchoshi. Kila siku utaanzia pembe nyingine. Ufaao ni ukumbi mwembamba, ukuta wa kando ya meza ya kusomea, au chumba ambacho mtu hupita karibu na ukuta. Kuutundika juu ya kochi, ambako hakuna anayeweza kuusogelea, ni kuupoteza.

Baadaye Shuvinai aliingiza penseli za rangi, na mandhari yake ikajaa sayari, pweza, viumbe vyenye mikono ya samaki na watu wa mjini wakiwa kazini. Alipata tuzo ya sanaa ya Kanada ya Gershon Iskowitz mwaka 2018, na mwaka 2022 waamuzi wa maonyesho ya Venice wakamtaja kwa heshima maalumu. Ni kazi hizi za rangi zinazoonekana zaidi kwenye maonyesho makubwa, na wengi wanazitafuta hizo tu. Kwa anayetaka mandhari hasa, tunasimama na zile za wino mweusi. Ndani yake ardhi yenyewe ndiyo mhusika, na hakuna kiumbe kinachokuibia jicho.

Hatari ya wino ipo kwenye aina yake. Wino wa chembe za rangi hustahimili mwanga kwa miaka mingi. Wino wa rangi iliyoyeyushwa, kama wa kalamu nyingi za feltipeni za zamani, hufifia na kugeuka kahawia au zambarau. Michoro mingi ya feltipeni ya miaka ya 1960 na 1970, kutoka miji mbalimbali ya Wainuiti, ina tatizo hili. Kabla ya kulipa, omba mchoro utolewe kwenye fremu. Tazama sehemu ya mstari iliyokuwa imefunikwa na kadibodi ya mbele na uilinganishe na iliyokuwa wazi. Zikitofautiana, mwanga umeshakula, na hakuna fundi atakayeirudisha. Usijaribu kamwe kwa kidole chenye mate wala pamba yenye maji: wino wa kuyeyuka utasambaa, na doa lake halitoki.

Penseli: ardhi inayopimwa kwa upeo

Itee Pootoogook, 1951 hadi 2014, alifanya pia useremala, na unaweza kuiona hiyo hata bila kuambiwa. Nyumba zake zimekaa wima, madirisha yana vipimo, kivuli cha ukuta kinaangukia theluji mahali panapostahili. Alipiga picha kwa kamera na kuchora akizitazama, lakini alipunguza: ungo wa televisheni ukaondoka, waya zikaondoka, kikabaki kile kilichobeba mwanga. Mwaka 2019 jumba la McMichael lilimfanyia maonyesho makubwa ya peke yake, miaka mitano baada ya kufariki.

Ufundi wake uko kwenye karatasi yenyewe. Mara nyingi alichagua karatasi ya rangi, ikiwemo nyeusi, na kuiacha ifanye nusu ya kazi. Karatasi nyeusi inakuwa usiku. Penseli inaleta theluji tu. Hapo ndipo mtazamaji anapopata ule utulivu wa ajabu: mbingu haikupakwa, iliachwa.

Mchoro huu unafanya kazi kutoka mbali. Mita nne, tano, bado unasomeka, kwa sababu umejengwa kwa kanda pana na mistari michache. Sebuleni, ofisini, au ukuta unaotazamana na mlango ndipo pake. Tundika katikati ya mchoro iwe kati ya sentimita 145 na 150 kutoka sakafuni, ili upeo uliochorwa ukaribiane na macho ya mtu aliyesimama. Ukipandishwa juu sana, mtazamaji anakuwa chini ya maji badala ya ufukweni, na hesabu yote ya Itee inavunjika.

Udhaifu wa penseli ya rangi ni mkubwa kuliko wa wino mzuri, na uko mara tatu.

Rangi zisizolingana kwa uimara ndilo la kwanza. Ndani ya kisanduku kimoja cha penseli, nyeusi, kahawia na njano za udongo huweza kudumu, huku waridi, zambarau na baadhi ya buluu hafifu zikififia ndani ya miaka michache ya mwanga wa dirisha. Tatizo ni kwamba waridi na zambarau ndizo mbingu za machweo ya Aktiki. Mchoro uliokuwa wa jua kuzama unaweza kubaki wa mawingu tu. Unapotazama mchoro wa machweo uliowahi kuning'inizwa kwa muda mrefu, shuku utulivu wake. Huenda ulikuwa na moto.

La pili ni nta. Penseli nyingi za rangi zimefungwa kwa nta, na pale msanii alipokandamiza kwa nguvu, hasa kwenye rangi nzito, nta inaweza kupanda juu na kufanya utando mweupe kama vumbi la unga. Wanunuzi huudhani kuwa kuvu. Utando wa nta umesambaa sawasawa na unafuata umbo la rangi nzito, haugusi karatasi tupu. Kuvu hufanya madoa ya duara na hayajali mipaka ya rangi. Wa nta huondolewa na mhifadhi wa karatasi kwa wepesi sana. Wa kuvu unahitaji kutengwa na kazi nyingine mara moja.

La tatu ni karatasi ya rangi. Nyeusi ya karatasi ni rangi iliyotiwa, nayo hupauka kuwa kijivu au kahawia. Kwa mchoro uliojengwa juu ya weusi huo, huu ni msiba kuliko kufifia kwa penseli, kwa sababu usiku wenyewe ndio unaopotea. Dawa ya kutambua ni ileile: toa fremu, angalia ukingo uliofunikwa.

Tukilazimika kuchagua kati ya wawili hawa kwa chumba chenye mwanga mwingi, tunachukua wino. Kwa chumba chenye giza la wastani na nafasi ya kurudi nyuma, tunachukua Itee bila kusita. Hakuna mchoraji mwingine wa Kinngait aliyeufanya ukimya uwe na vipimo namna ile.

Walio kati yao, na walio kwingine

Bei za Shuvinai zimepanda na michoro ya Itee haiongezeki, kwa hiyo wengi wataishia kwa wengine, na hilo si hasara. Nicotye Samayualie, aliyezaliwa 1983, ana subira ya jiwe kwa jiwe inayomkaribia Shuvinai, ila hubakiza upeo, na anatumia rangi. Ooloosie Saila, wa 1991, anakwenda upande mwingine kabisa: vilima vyenye rangi kali na mapambo ya kujirudia, mandhari inayokaribia kitambaa. Anayeogopa kwamba sanaa ya Aktiki itampa ukuta wa kijivu aanze na huyu. Ukitaka kurudi nyuma, Pudlo Pudlat, 1916 hadi 1992, aliweka ndege na helikopta ndani ya mandhari miaka mingi kabla ya vijana hawa, na alitumia akriliki iliyochanganywa na maji mengi pamoja na penseli. Akriliki hiyo inavumilia mwanga vizuri, lakini karatasi nyembamba chini yake inaweza kujikunja.

Nje ya Kinngait kuna Pangnirtung, penye milima mirefu na fiodi, ambako kituo cha Uqqurmiut kinafuma pia mazulia ya ukutani kutokana na michoro. Kuna Ulukhaktok upande wa magharibi, ambako Mary Okheena alifanya chapa za stensili (rangi hupakwa kupitia matundu yaliyokatwa) zenye mwanga laini. Na kuna Baker Lake, ambako Luke Anguhadluq alizungusha karatasi akichora, hata watu na wanyama wakawa na miguu kuelekea pande zote. Michoro yake haina juu wala chini moja, na fundi wa fremu ataomba umwambie upande upi ukae juu.

Mchoro wenyewe au chapa

Mkusanyiko wa chapa za Kinngait hutoka kila mwaka tangu 1959, kwa kawaida nakala 50 kwa kila chapa. Chini ya picha utaona sehemu kama 12/50: nakala ya 12 kati ya 50. Namba ndogo si bora kuliko kubwa, msikubali kulipishwa zaidi kwa ajili yake.

Kinachotofautisha chapa na chapa ni mkono wa nani ulioweka mstari. Katika chapa ya jiwe, msanii huchora kwenye karatasi, kisha fundi mwingine huhamishia mchoro kwenye jiwe lililosawazishwa, anachonga kisichotakiwa, anapaka wino kwa rola, analaza karatasi nyembamba ya Kijapani na kuisugua kwa mkono. Matokeo ni maumbo mapana yenye kingo kali. Mandhari ya mistari myembamba hupoteza pumzi hapo. Vilima vikubwa na theluji hupata nguvu. Stensili hutoa rangi inayofifia taratibu, nzuri kwa ukungu na mbingu. Katika litografia (kuchapa kutoka mchoro wa mafuta) na echingi (kuchapa kutoka mstari uliochimbwa kwenye chuma) mambo ni tofauti: msanii mwenyewe anaweza kuchora moja kwa moja juu ya bamba au filamu, kwa hiyo mstari ni wake.

Hivyo, anayempenda Shuvinai wa mawe lakini hana bajeti ya mchoro atafute echingi, asitafute chapa ya jiwe. Anayempenda Itee atafute litografia, kwa sababu inahifadhi chembechembe za penseli. Na anayetaka kazi kubwa ukutani kwa fedha kidogo, chapa ya jiwe inambeba vizuri kuliko mchoro mdogo.

Jambo moja huwachanganya watu. Bango la makumbusho lililochapwa kwa mashine kutokana na mchoro si chapa ya sanaa, hata likiwa kwenye karatasi nzito. Chukua lenzi ya kukuza mara 10: ukiona vidoti vidogo vya rangi vilivyopangwa safu kwa safu, ni bango.

Fremu, mwanga na unyevu

Ukubwa uliozoeleka wa mchoro wa Kinngait ni karibu sentimita 50 kwa 65, na mikubwa hufika karibu 97 kwa 127 na zaidi. Mdogo unaweza kusafirishwa bapa kati ya mbao mbili nyepesi. Mkubwa ukilazimika kukunjwa, tumia bomba lenye kipenyo cha sentimita 15 au zaidi, upande wa picha ukiwa nje, na karatasi laini isiyo na asidi juu yake. Bomba jembamba la posta hukandamiza penseli yenye nta hadi ikahamia kwenye karatasi ya kufunikia.

Kwenye fremu, mchoro usiguse kioo: acha nafasi ya milimita 4 au 5 kwa kadibodi ya pamba isiyo na asidi. Ushikizwe juu tu, kwa vipande vidogo vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ili karatasi iweze kutanuka na kusinyaa. Selotepu ikishaingia nyuma ya karatasi, gundi yake hugeuka kahawia na kupenya hadi mbele. Kioo kiwe cha kuzuia miale ya urujuanimno. Mwanga wa makumbusho kwa kazi za karatasi ni luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Karibu na dirisha mchana unapata zaidi ya 1,000 bila kuhisi. Kioo kizuri kinachelewesha madhara, hakiyazuii, kwa hiyo kazi yenye waridi na zambarau ipumzishwe gizani miezi kadhaa ya mwaka.

Kwa wanaoishi Mombasa, Unguja, Dar es Salaam au Muscat, unyevu ni adui mkubwa kuliko mwanga. Karatasi inapenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Ukipita 65 kwa muda mrefu kuvu huamka. Usitundike kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, bandika vipande vya koki nyuma ya pembe za fremu ili hewa ipite, na usizime kiyoyozi usiku ikiwa mchana kimewashwa: kupanda na kushuka kwa unyevu ndiko kunakoifanya karatasi ikunjamane. Mahali pasipo na kiyoyozi chochote, chagua chapa ya wino kabla ya penseli kwenye karatasi nyeusi.

Hati

Mwombe muuzaji jina la msanii, mwaka, vifaa, vipimo, namba ya studio, na orodha ya waliowahi kuumiliki. Sahihi inaweza kuwa kwa herufi za silabi za Kiinuktituti au za Kilatini. Zote ni za kawaida. Lebo ya Igloo Tag, iliyoanzishwa mwaka 1958 na inayosimamiwa na Inuit Art Foundation tangu 2017, ni uthibitisho mzuri kwamba kazi ni ya Mwinuiti, lakini kwa muda mrefu ilihusishwa zaidi na vinyago vya mawe, hivyo mchoro wa miaka ya nyuma usio na lebo si lazima uwe bandia. Uliza zaidi, usikimbie.

Forodhani, mchoro una nafuu ambayo kinyago cha pembe hakina. Pembe ya nyangumi wa narwhal na ya walrus, mnyama wa bahari ya Aktiki, zinahitaji vibali vya biashara ya wanyamapori; karatasi na penseli hazihitaji. Udhibiti wa Kanada wa kuuza nje mali za utamaduni unahusu vitu vilivyozidi miaka 50 ambavyo aliyevitengeneza ameshafariki, kwa hiyo kazi ya Nicotye au Ooloosie inatoka bila kikwazo hicho. Mchoro wa Pudlo wa mwishoni mwa miaka ya 1960 huenda ukaguswa nacho, na muuzaji makini atakuwa ameshakuandalia karatasi zake kabla hujauliza.